Mkono wa Mjukuu Wangu Umeonwa na Watu Mia Sita

Mpendwa Shangazi Mweri,

Shikamoo, na kama wewe ni mdogo kwangu basi niwie radhi, maana kwa redio sauti haisemi miaka. Naomba unisaidie na naomba usinitaje jina. Mimi ni mama wa huku Likoni, nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hivyo ukiona maneno yamebebana yatenganishe mwenyewe.

Kazi yangu ni kupaka maharusi hina na piko. Mwaka jana binti yangu Sumeya, ndiye mtoto wangu wa pekee, alinifungulia peji ya Facebook akanionyesha pale chini panapoandikwa watu wangapi wamependa. Akaniambia, "Mama, hapa ndipo utajua kazi gani watu wanaitaka." Nikawa naangalia. Ua la Kiarabu watu kumi na wawili, ua la Kihindi watu tisa, na mguu wa bi harusi mmoja wa Mikindani ulinipa thalathini na moja nikakaa nacheka peke yangu jikoni. Sikujua kama kile kitu kina utamu hivyo, Shangazi, nikawa nateleka sufuria nafungua simu, nageuza chapati nafungua simu.

Sasa Sumeya akajifungua mtoto wa kiume, uzazi wa kwanza, na kama ilivyo ada yetu akaja kwangu akae arobaini. Wallahi sijapata siku tamu kama zile. Asubuhi namkanda kwa maji moto, nampikia uji wa pilipili manga, na mtoto namwosha mimi kwenye beseni la bluu, na yule mtoto akioshwa halii, hutazama dari tu kama mzee anayefikiri. Siku ya kumi na tisa nilikuwa nimemlaza mapajani, akanishika kidole changu hiki cha shahada kilichojaa weusi wa piko, akakikamata hataki kukiachia, nikapiga picha kwa mkono wa pili. Nikaitazama. Nikasema uso hauonekani, jina halipo, ni mkono tu, na mkono si mtoto. Nikaitia kwenye peji nikaandika, Amenishika.

Mpaka adhuhuri watu mia mbili. Mpaka magharibi mia sita na kumi na moja. Watu wa Lamu, watu wa Tanga, watu siwajui wananiandikia mashallah. Sumeya sikumwambia, nilitaka kwanza wafike mia saba ndipo nimwonyeshe afurahi.

Siku ya pili yake mtoto akapata homa. Daktari akasema ni kitovu, akatoa dawa, mtoto akapoa, alhamdulillahi. Lakini wifi yake Sumeya alikuwa ameiona picha akampelekea mamake, na mkwe wangu huyo akaja kutoka Mjambere pamoja na Khamis, mumewe Sumeya, wakasimama pale mlangoni, hata kukaa hawakukaa. Mkwe akaniuliza, "Mtoto hajatimiza arobaini, wewe umeshamtoa kwa watu mia sita?"

Nikamwambia, "Mkwe wangu, ni mkono tu."

Akasema, "Na mkono huo ulikuja kwako peke yake?"

Sumeya alikuwa anakunja nepi, hakuniangalia. Akasema, "Mama, mimi mwenyewe sijatoka nje, lakini mwanangu umemtoa." Wakaondoka naye siku ya ishirini na mbili. Beseni wameniachia.

Leo ni siku ya thelathini na tano. Simu hapokei. Lakini nikitia kitu kwa stetasi ya WhatsApp naliona jina lake kwa waliotazama. Nilitia picha ya uji, akatazama. Nikatia khanga zake alizozisahau kwenye kamba, akatazama. Nikatia beseni likiwa juani, akatazama. Mara nyingi ni saa kumi na moja alfajiri, na mimi nimeanza kuziandika saa hizo kwenye kalenda ya msikiti iliyo ukutani, siku akitazama mapema nafurahi kama nimepigiwa simu, siku akichelewa mpaka kumi na mbili sina raha, najiuliza mtoto ana nini. Jana nilitia dua, hakutazama mpaka mchana. Kwa hivyo nimejua dua hazimleti, vyombo ndivyo vinamleta. Kile chumba walicholala bado kinanukia mafuta ya nazi ya mtoto, nami dirisha silifungui harufu isitoke.

Shoga yangu Tumu, jirani yangu, ananiambia, "Una picha nyingine saba za yule mtoto kwa simu. Tia moja yenye uso. Atakupigia akugombeze, na si utakuwa umeisikia sauti yake?" Nilicheka lakini maneno yameniingia. Na watu wa peji nao wanauliza mtoto yuko wapi, maana ile picha hadi leo asubuhi imefika mia sita na arobaini, na hina zangu zimerudi kwa watu tisa. Sitakuficha, hilo nalo linaniuma.

Jumatatu ndiyo arobaini. Mtoto atatolewa, na mimi sijaitwa. Niambie, picha nitie au nisitie? Na kama nisitie, nifanye nini niisikie sauti ya mwanangu kabla ya Jumatatu?

Mama wa Likoni


Mama wa Likoni,

Marahaba, na umri wangu niachie mwenyewe. Barua yako ya jana nimeisoma leo Alhamisi mara mbili. Mara ya kwanza nilisikitika nawe, mpaka pale kwenye dirisha nikaiweka chini. Mara ya pili nikakasirika, na nitakwambia wapi.

Umeandika kwamba ile picha hadi leo asubuhi imefika mia sita na arobaini. Kumbe bado ipo. Mtoto ameugua, mwanao amechukuliwa, mkwe amekusimamia mlangoni, na wewe kila asubuhi unaichungulia kuona imepanda ngapi. Unaniuliza utie ya pili na ya kwanza hujaitoa. Sumeya naye ana simu, mama. Kama stetasi yako anaifungua kila alfajiri, unadhani peji aliyokufungulia kwa mkono wake haifungui?

Sisemi homa ililetwa na picha. Daktari amesema kitovu, hayo tumwachie daktari. Kosa lako ni kwamba siku zile arobaini zilikuwa za Sumeya na mwanawe, wa kusema nani amwone alikuwa yeye, na wewe ulimsemea. Kisha ukangoja wafike mia saba ndipo umwambie.

Hiyo kalenda iteremshe. Saa kumi na moja mzazi yuko macho ananyonyesha, mkono mmoja una mtoto na mwingine una simu. Kalenda haiwezi kukwambia kama ana hasira au ana hamu nawe. Mimi naona vyote viwili, na kwa ule mkono mmoja uliobaki anakutafuta wewe, siyo uji wala beseni. Unampimia mwanao chambo kama unavyowapimia wateja maua ya hina. Acha.

Sasa fanya hivi. Picha ifute leo, kabla kipindi hiki hakijaisha, na usiandike popote kwamba umeifuta. Zile saba zibaki kwako, na Tumu asizione tena. Kisha mpelekee Sumeya ujumbe wa sauti, mfupi: picha nimeitoa, nimekukosea, mwanangu. Usimuulize kwa nini hapokei simu. Usitazame amesikiliza saa ngapi.

Jumamosi vuka kwa feri uende Mjambere. Usiende peke yako, mtafute somo yake Sumeya, yule mama aliyemfunda wakati wa harusi, maana mtu kama yule hafungiwi mlango. Chukua zile khanga, chukua pilipili manga, na beseni libebe hata watu wakikutazama njiani. Anza kwa mkwe wako kabla ya binti yako. Mwambie nimekosa, na lile neno "ni mkono tu" lisikutoke tena, kwa sababu ndilo lililowachoma kuliko picha. Wakikunyima mtoto, kaa, kunywa chai yao, uage kwa heshima. Wakikuita Jumatatu, nenda. Wasipokuita, stetasi isipate habari, na wiki inayofuata uvuke tena na beseni lako.

Simu iache nyumbani, na usimwachie Tumu.

Juu ya ile picha uliandika, Amenishika. Mpe kidole chako akishike tena, na safari hii wanaojua wawe nyinyi watatu tu, wewe, mwanao na mjukuu wako.

Shangazi Mweri