Laptop Ndogo na Wajane Wawili

Jumamosi, 9 Machi 2024

Nimeinunua! Nilivuka mpaka asubuhi hadi Busia ya Kenya, dukani kwa Mangeni, yule Msamia anayeuza kompyuta za mitumba. Laptop ndogo, kioo cha inchi kumi na moja, nyepesi – naibeba kwa mkono mmoja. Nikauliza mbona bei iko chini hivyo. Mangeni akacheka. "Sister, hii si ya mambo mengi. Ni ya kuandika. Kwa kuandika haitakuangusha."

Kuandika ndiko ninakotaka. Miaka sita nina kibanda cha fotokopi hapa Tororo, na miaka sita wateja wanachapiwa kwa jirani, kwangu wanakuja kutoa kopi tu. Basi!

Mpakani niliifunga ndani ya gomesi, gauni langu refu la sherehe. Afisa akauliza, mama umebeba nini? Nguo, nikasema. Na kweli zilikuwa nguo – kwa nje. Nimeona haya kidogo, lakini furaha ilizidi.

Daftari langu limejaa, kwa hiyo nitaandika humu. Nimeweka nywila. Naandika kwa Kiswahili, nilichojifunza utotoni sokoni Busia. Dada yangu tunayeishi naye hakisomi. Vizuri.

Jumanne, 12 Machi 2024

Kazi ya kwanza. Programu ya mazishi, kile kijitabu cha ibada, ya mzee Ecodu wa Osukuru. Kurasa nne: picha, ratiba, maisha ya marehemu, kisha waliobaki – wajane wawili na watoto tisa. Vitufe vimebanana, vidole vinakanyagana. Kioo nacho kinaonyesha nusu ukurasa, lazima ushuke ndipo uone nusu ya chini.

Lakini betri! Umeme ulikatika saa tano, jirani akafunga mashine zake, mimi nikaendelea hadi saa tisa. Watu walisimama mlangoni kutazama. Nikajifanya siwaoni.

Wananiita Madamu Laptop sasa. Nalipenda hilo jina. Nisijidanganye, nalipenda.

Jumatatu, 18 Machi 2024

Phillip Ofumbi amefariki! Mume wa Harriet, mwenzangu wa kwaya. Presha. Juzi tu alipita hapa na lori lake la mahindi, akapiga honi. Maskini Harriet.

Watamzika keshokutwa nyumbani kwao Mulanda. Nilikwenda leo kuchukua maelezo ya programu. Ningeweza kuyaandika kwenye karatasi na kuja kuyachapa kibandani. Sikutaka. Nilitaka waone. Nikaketi chini ya turubai, katikati ya akina mama waliokuwa wakichambua mchele, nikaifungua mapajani. Shangazi mmoja akauliza kama hiyo ndiyo kompyuta yenyewe au ni mtoto wake. Walicheka kidogo. Hata msibani nilifurahi kuchekewa hivyo.

Sikuanza upya. Nilichukua programu ya mzee Ecodu, nikabadilisha jina, picha, tarehe, maisha yake. Watoto tisa nikaweka wanne. Nusu saa! Harriet akaja, macho yamevimba, akaomba asome kabla sijaenda. Nikamwambia, "Dada, wewe pumzika. Hii mashine haikosei." Nikafunga kifuniko.

Kopi mia mbili. Zimetoka safi.

Jumatano, 20 Machi 2024

Nimetoroka mazishini kabla ya chakula.

Katekista ndiye aliyesoma. Anasoma Kiingereza kwanza, halafu anatafsiri kwa Dhopadhola, lugha yetu. Akafika kwa waliobaki: ameacha wajane wawili na watoto wanne. Kwa Kiingereza wachache tu walishtuka. Halafu akatafsiri. Akatafsiri polepole, vizuri, kwa ile sauti yake ya kanisani. Wajane wawili.

Jikoni wakaacha masufuria. Kisha minong'ono – wa pili yuko wapi? Harriet alikuwa kando ya jeneza, karatasi mkononi. Akaisoma. Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. Halafu akainua kichwa akaanza kunitafuta, safu kwa safu, mpaka akanipata.

Nilikuwa nimeshajua. Mstari wa mzee Ecodu! Idadi ya watoto niliibadilisha, mstari wa juu yake ukabaki umefichika nje ya kioo, wala sikupandisha kuutazama.

Owor, mdogo wa marehemu, akamnyang'anya katekista kipaza sauti. "Ni makosa ya kompyuta! Kompyuta tu, jamani!" Watu wote wakanigeukia. Nami nikaitikia kwa kichwa. Eti kompyuta! Kompyuta ndiyo ilimkatalia Harriet asisome?

Alhamisi, 21 Machi 2024

Sikufungua kibanda. Laptop iko chini ya kitanda, nimeitoa kuandika haya tu.

Dada anasema sokoni wanasimulia. Wengine wamefikisha wajane watatu.

Ijumaa, 22 Machi 2024

Nimekwenda Mulanda. Nilisema nisipokwenda leo sitakwenda tena.

Harriet alikuwa chumbani, amekaa kwenye mkeka. Nikapiga magoti mlangoni. Hakuniambia niingie, hakuniambia niondoke. Akasema, "Joanita, nilikupa mume wangu umwandike. Kitu kimoja tu."

Nikamweleza yote. Programu ya mzee Ecodu, mstari, haraka yangu, majivuno yangu. Nikasema neno hilo hilo, majivuno. Sikuitaja kompyuta. Alisikiliza akinikazia macho.

"Niambie ukweli. Kuna mtu alikwambia kitu?"

"Hakuna, dada. Naapa. Ni kosa langu peke yangu."

"Kwa sababu Phillip alikuwa analala nje akienda kununua mahindi. Mimi sikuwahi kuuliza."

"Dada, ni mstari wa mtu mwingine."

Akanitazama tena. Kisha akalia, kwa sauti, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua kuni. Akaniambia niingie. Akaomba kitu kimoja: nichape programu upya, iliyosahihishwa, kopi mia mbili zile zile, ili siku ya sala ya kumaliza msiba kila mtu apewe. Mjane mmoja. Jina lake liandikwe kamili.

Nimerudi nikiwa mwepesi kidogo. Nilistahili kutukanwa, nikapewa chai.

Jumapili, 24 Machi 2024

Jumapili ya Matawi. Baada ya misa Owor alinivuta nyuma ya kanisa. Nilidhani anataka kunisema.

"Nani alikuambia?" Alikuwa ananong'ona.

"Nini?"

"Usijifanye. Habari ya yule mwanamke wa Kwapa. Phillip alisema tunajua watu wawili tu, mimi na yeye. Sasa nani alikuambia?"

Tawi langu lilianguka chini. Owor alinitazama usoni, na nikaona anavyoelewa – kwamba sikujua lolote, na kwamba sasa nimejua, na ni yeye aliyenijulisha. Akashika kichwa. Akasema ni miaka minane. Kuna mtoto wa kike. Phillip aliwajengea nyumba ya bati.

Halafu akageuka mkali. Nisimwambie Harriet. Kama amekubali ni kosa, nimwache na kosa. "Anasema ulimwapia, si ndiyo? Basi kaa na kiapo chako."

Nilimwapia, ndiyo! Niliapa ukweli mtupu. Ijumaa ulikuwa ukweli. Leo sijui ni nini.

Jumatatu, 25 Machi 2024

Nimeichapa. Ameacha mjane mmoja, Harriet. Nimeisoma mara kumi, nikipandisha na kushuka. Hakuna kosa hata la nukta.

Sijaitoa kwenye printa. Nimesema wino umekwisha. Wino haujaisha.

Jumanne, 26 Machi 2024

Harriet atakuja saa nne kuchukua kopi zake. Alipiga simu mapema, sauti yake nzuri, akanishukuru.

Nilipofungua kibanda saa mbili nilimkuta mwanamke kwenye benchi. Simjui. Mrefu, amejifunga leso kiunoni, viatu vimejaa vumbi la njia. Hajui Dhopadhola, mimi sijui Ateso, lugha ya kwao, tukasalimiana Kiswahili. Akauliza, wewe ndiye mama wa ile kompyuta ndogo? Nikasema ndiyo. Nikajiandaa kuchekwa.

Akaingia, akanishika mikono yote miwili.

"Mimi naitwa Akwi. Nimetoka Kwapa. Nimekuja kusema asante."

Nikaketi.

Alisimulia. Siku ya mazishi alikwenda Mulanda, akasimama barabarani, hakuthubutu kuingia. Akamtuma jirani yake akae ndani amsikilizie. Jirani akarudi anakimbia: wamekusoma! Wamesema wajane wawili, kwa kipaza sauti, mbele ya padri. "Miaka minane mimi si mtu," Akwi akasema. "Siku ile nilikuwa mtu. Nikalia vizuri, kama mke."

Nikamuuliza kama jirani alimwambia pia alichosema Owor, kuhusu kompyuta. Akasema ndiyo. Akatabasamu. "Wakubwa lazima waseme hivyo. Lakini nani ataandika wawili kama ni mmoja?"

Hapo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Ningesema, mama, wawili wale ni wa mzee wa Osukuru, wewe hata sikujua kama uko duniani. Nikamtazama viatu. Nikaufunga mdomo.

Anataka ile karatasi iliyosomwa. Moja tu, amwekee mtoto. Hana karatasi nyingine yoyote inayomtaja na Phillip, hata picha. Nimetoa moja ya ile ya kwanza, yenye wawili – wino upo, bila shaka – nikampa. Hasomi Kiingereza, akaomba nimwonyeshe mahali penyewe. Nikaweka kidole. Akaweka chake hapo hapo. "Soma." Nikasoma. "Tena." Nikasoma tena.

Nilitaka aende kabla ya saa nne. Akasema miguu inamuuma, atapumzika kwenye benchi kidogo, kwa ruhusa yangu. Ningemkataliaje?

Sasa ni saa nne kasoro dakika tano na Harriet amefika. Anawahi siku zote. Nimemwambia printa inapata moto, asubiri. Ameketi nje kwenye benchi. Benchi ni moja.

Naandika ili nionekane nafanya kazi. Nawasikia wote wawili, mlango uko wazi. Akwi amejisogeza kumpa nafasi. Karatasi ameikunja, iko mkononi. Sijui kama anamfahamu Harriet kwa sura. Harriet hamfahamu, hilo najua.

Harriet ameiona ile leso, ilivyofungwa kama ya mfiwa. Anamuuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, pole, mama, na wewe umefiwa?

"Ndiyo. Mume."

"Pole sana. Hata mimi, mume. Wiki iliyopita."

Harriet amemshika mkono, ule ule wenye karatasi, anampigapiga taratibu. Anaita sasa, "Joanita, bado?"