Mkasi Sakafuni

Jumanne, 9 Oktoba

Baraza limekaa bila mimi. Bila mimi! Mimi ninayetawala kwa niaba ya mwanangu tangu baba yake afe — Konstantinopoli nzima inajua. Nimefika, mlango umefungwa. Walinzi wanatazama viatu vyao.

Evaristi, towashi wangu, alitega sikio. Anasema shemeji yangu Nikandro amewaambia Kaisari ana miaka kumi na minne sasa, hahitaji kushikwa mkono na mwanamke. Hahitaji! Juzi mwanangu Kosmas alitapika zeituni, nani alimshika kichwa? Shemeji?

Alhamisi, 11 Oktoba

Wakuu wa ikulu wamenipita bila kuinama. Wale wale niliowapa vyeo. Wanafiki wakubwa!

Nimekutana na shemeji ngazini.

"Shemeji, umekonda. Kapumzike kwa watawa kule kisiwani, kuna hewa safi."

"Nenda wewe, upunguze hilo tumbo."

Walinzi wamecheka, kisha wakakumbuka siku hizi nani anawalisha.

Evaristi analia tu. Wanataka kuninyoa niwe mtawa. Nimemwambia afute kamasi, hawawezi. Mtu hafanywi mtawa kwa nguvu. Mama mkuu anaangusha mkasi sakafuni, nawe unauokota kwa mkono wako na kumpa, mara tatu, watu waone umetaka mwenyewe. Nisipouokota hakuna utawa. Basi nabaki mama wa Kaisari, na mwanangu nabaki naye.

Jumamosi, 13 Oktoba

Wamenileta kisiwani. Mvua, nguo zimelowa chapachapa. Muhuri wa utawala wamenipokonya. Kosmas hakuja kuniaga. Wamemzuia. Lazima wamemzuia.

Jumapili, 14 Oktoba

Mama mkuu Febronia, kikongwe wa watu, ameangusha mkasi. Nimeutazama tu. Akauokota mwenyewe kwa taabu, akauangusha tena.

"Binti yangu, nionee huruma, kiuno changu hiki."

"Pole, mama. Lakini hapana."

Watawa wananong'ona. Shemeji uso umemwiva. Nimecheka — kanisani, Mungu anisamehe! Nimewaweza.

Kisha mlango ukafunguka. Kosmas! Amevaa viatu vyekundu vya kifalme, vya baba yake, vinampwaya. Nikajua amekuja kunichukua. Mjinga mimi. Hakuniamkia. Amepita katikati ya watawa, akainama — Kaisari, mbele ya watu! — akaokota mkasi, akaniwekea mkononi.

"Mama, mpe."

Nikamwambia asiogope, najua baba yake mdogo ndiye aliyemtuma.

"Hajanituma mtu. Mimi ndiye niliyemwambia baba mdogo akulete huku."

Nimeomba wanipe nafasi kidogo, niko chumba cha pembeni. Ningeweza kukataa bado. Sheria iko upande wangu! Lakini nirudi ikulu kwa nani?

Yuko mlangoni, ananisubiri. Sauti yake imekuwa nzito, ya baba yake kabisa. Ameniuliza kama bado naandika. Nimesema bado. Mkasi uko mapajani, una joto la mkono wake, na sasa anagonga tena, anasema mashua inamngoja, anasema, "Mama, fanya haraka basi, mimi nina baraza —"