Dhahabu Chini ya Pembe

Mpendwa kaka Amisi,

Vocal yako, huo ujumbe wa sauti, nimeisikiliza mara mbili. Mara ya kwanza peke yangu, mara ya pili pamoja na Mama, maana ulipaza sauti hadi akatoka jikoni kuuliza ni nani anayegombana ndani ya simu. Umesema Jumamosi unatuma mtu na pikipiki mbili kutoka Salamabila, waje hapa Kasongo kuichukua mashine ya kukereza ya marehemu Baba. Umesema gurudumu lake litazungusha kinu cha kusagia mawe ya dhahabu. Na umesema, hili ndilo lililonichoma, kwamba mwanamke hawezi kurithi chuma.

Jibu langu ni hapana. Naliweka mwanzoni usije ukachoka kabla ya kulifikia. Mama ndiye aliyenishauri niandike. "Mukiongea kwa simu mutapigana tu," alisema. "Andika. Atasoma akiwa amekaa." Na kwa kuwa wewe umeshawapigia majirani ukiwaambia kwamba nimekuibia, barua hii naibandika kwanza kwenye mlango wa atelie, karakana yetu, kila mpita njia aisome, ndipo nikutumie nakala yako.

Unazikumbuka zile pembe, kaka? Baba alizinunua kwa wachinjaji wa ng'ombe ili atengenezee kalamu, tena zile nyeupe tu zinazopitisha mwanga, na watu walimcheka kwamba anawanyang'anya mbwa chakula. Alikata ncha iliyojaa, akaitoboa kwa keke, halafu ndani yake akatia kabomba kadogo ka shaba ka kushika mrija wa wino. Wewe ulikanyaga, gurudumu likazunguka, Baba akakereza, mimi nikapuliza vumbi. Jamani ile harufu! Tulinuka nywele zilizoungua, na Mama hakutugawia ugali kabla hatujaoga.

Lakini Baba alisema kazi yenyewe iko kwenye rangi. Pembe ikishakuwa nyembamba na kung'arishwa haifichi kitu: shaba itaonekana, gundi itaonekana, mikwaruzo ya keke itaonekana. Kwa hiyo kabla ya kabomba kuingia, tulipaka tundu kwa ndani, kwa rangi ya kucha ya sokoni na unyoya wa kuku. Na rangi haikuchaguliwa kwa kuitazama chupani. Alidondosha matone kwenye ubao, akayaacha yakauke, akachukua kipande chembamba cha pembe ileile, akakipaka mafuta, akakilaza juu ya kila tone pale mlangoni penye jua. Buluu ikawa kijani cha sombe, yale majani ya muhogo. Nyekundu ikawa mawese. Nyeupe iliifanya pembe ionekane kama imetoka kuoshwa mtoni, na nyeusi ilimeza kila kitu, ndiyo maana wakubwa wa ofisi waliipenda.

Halafu wewe ukaleta dhahabu.

Baba alikuwa amekwenda Kabambare kwenye msiba, akatuachia kalamu moja ya kumaliza, ya prefe, mkuu wa shule yetu, aliyekuwa anastaafu. Ukatoka sokoni na kachupa ka rangi kanakometa hata ukikaweka kivulini. Nilikuambia tujaribu kwanza kwa kipande na mafuta. Ukacheka. "Dhahabu haijaribiwe," ulisema. "Dhahabu ni dhahabu."

Ukapaka, ukabandika kabomba kwa gundi, ukakereza mwenyewe, ukang'arisha. Kaka, ilikuwa rangi ya maji waliyooshea miguu watu kumi siku ya mvua! Ulisugua kwa kitambaa, ukasugua kwa majivu, ukasugua kwa machozi pia, usikatae, nilikuwa pale. Gundi ilikuwa imeshika. Kuing'oa ingekuwa kuipasua pembe.

Baba aliporudi aliipeleka mlangoni, akaigeuzageuza juani. Mimi nilikuwa nimeshafumba macho nikingoja upigwe kofi. "Amisi," alisema, "uliangalia chupa. Haukuangalia pembe." Basi. Akamtengenezea prefe nyingine yenye nyeupe chini, na ile mbaya akaitia kwenye mfuko wa shati. Aliandika nayo mpaka alipougua. Wageni walipomuuliza kwa nini fundi mzima anatembea na kalamu chafu, alijibu, "Hii ni ya mutoto wangu."

Tangu siku ile ukawa bora kutushinda wote, na hili nalisema mbele ya majirani. Ni wewe uliyegundua kwamba ukipaka nyekundu kwanza na nyeupe nyuma yake, nyekundu inawaka kama kaa la moto. Baba alikaa siku nzima akitamba. Alimsimamisha hata muuza chumvi. "Huyu amenipita," alimwambia. Nilikuonea wivu. Leo bado napaka hivyo, nyekundu kwanza, nyeupe nyuma, na kila mara nakutaja jina.

Ulipoondoka kwenda kuchimba sikukulaumu, na leo sikulaumu. Njaa haina adabu. Najua mashimo yana watu wa kila upande, kila mmoja na mama yake nyumbani anayemwombea. Lakini mguu wako ulipotoka kwenye kanyagio, ni mguu gani ulioingia? Ni huu wangu. Baba alipolala kitandani akishindwa hata kushika patasi, nilimpelekea ule ubao wa rangi, nikamlazia kipande cha pembe juu ya kila tone, na yeye akinionyesha kwa kidevu: hii, hapana, hii. Siku moja nilichagua kabla yake. Alinitazama, akafumba macho, akasema, "Sasa niache nilale." Hakuniachia karatasi yenye mhuri. Kama unataka mhuri, angalia nyayo zangu, ngozi ya mguu wa kulia imekuwa kwato.

Baba mdogo amekuja hapa na methali yake: mkono usioweza kuukata, ubusu. Ati nikubali, wewe ni mwanaume, wewe ndiye mkubwa, utanikumbuka ukipata. Nimemkaribisha chai, nimempa na muhogo, nimemjibu kwa heshima zote: Baba mdogo, mkono huu siukati, na kuubusu pia siubusu. Alikunywa chai akaenda.

Watu wanasema biki, kalamu ya dukani, inaandika vilevile. Ni kweli, inaandika. Hata hivyo wiki hii mwalimu mmoja ametoka Wamaza kwa pikipiki, kwenye matope haya unayoyajua, akitaka kalamu ya kumpa binti yake aliyemaliza shule. Alisema, "Mama, niwekee rangi yoyote." Nikamwambia yoyote haiko hapa. Nikamkalisha mlangoni na ubao, pembe na mafuta, akachagua polepole, akasahau hata mvua iliyokuwa inamngoja njiani. Alichagua nyekundu yako. Unataka nimwambie nini mtu kama huyo, kwamba mashine imekwenda kusaga mawe?

Sasa sikiliza vizuri, kaka, ili mtu wako asipoteze mafuta ya pikipiki. Jana nimemwita mwashi. Nilichimba mashimo manne mwenyewe, na miguu ya mashine sasa iko ndani ya beton, zege la saruji, mpaka magotini. Mwashi aliniuliza, "Na ukitaka kuhama?" Nikamwambia sihami. Kabla haijakauka niliandika majina kwa msumari pale chini ya gurudumu: la Baba, langu, na lako. La kwako nililifuta, nikakaa nikilitazama hilo doa, nikaliandika tena. Sasa limekauka. Hata mimi siwezi kulitoa.

Basi mtu wako akija Jumamosi atakula vizuri, Mama ameshaweka jogoo pembeni. Hatarudi mikono mitupu. Nitamkabidhi ile kalamu ya Baba, ile ya dhahabu. Nimeibadilishia mrija wa wino, inaandika vizuri. Itoe mchana, wenzako wakiwepo, isimamishe kwenye jua la Salamabila na uwaambie ni rangi gani hiyo na nani aliyeipaka. Kisha nijibu kwa kalamu hiyohiyo. Ukiandika kwamba mimi ni mwizi, nitaibandika barua yako mlangoni kando ya hii. Ukiandika kwamba unakuja, pembe mbili ziko tayari zimetobolewa, na ubao uko mlangoni.

Lakini uje kukanyaga. Mashine haitoki.

Mdogo wako wa tumbo moja, mrithi wa chuma,
Zaina