Babu, Ulikwenda Burma Kweli?

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Ungekuwepo ungeitikia, "Marahaba, mke wangu," na Bibi angejifanya amenuna. Nakuandikia nikiwa na dukuduku, na wa kuniondolea ni wewe tu.

Mwanao wa mwisho, baba mdogo Kosmasi, amejiunga na chama cha watoto na wajukuu wa askari waliopigana Burma katika Vita Kuu ya Pili. Alikuja hapa Matiri kunishawishi nijiunge na mimi. Unanijua: mtu akinifuata nyumbani na maneno matamu, naanza kujiuliza anataka nini. Nikamwuliza wanapata faida gani. "Heshima tu, mwanangu," akasema. Nikazidi kushtuka. Tangu lini heshima ikahitaji mwenyekiti na mweka hazina?

Hata hivyo nilikwenda kwenye mkutano wao Mbinga mjini. Ukutani walitundika picha za wazee, yako ikiwa katikati: kaptula nyeupe iliyonyooka, soksi hadi magotini, kofia imelalia sikio moja. Mwenyekiti akaeleza kwamba ulipigwa picha hiyo siku ya kuondoka kwenda vitani. Watu wakapiga makofi, Kosmasi akafuta machozi.

Mimi sikupiga makofi. Ile picha naijua. Ulipigwa Mbaha, kule ziwani, siku kikundi chenu kilipokwenda kushindana kucheza ngoma ya mganda. Bibi ndiye aliyeitia ile kaptula wanga wa muhogo na kuipiga pasi ya mkaa, na kila akiiona picha alinung'unika kwamba mliondoka na ngoma mkarudi na visamaki viwili vitatu. Wachezaji wa mganda huvaa kama maofisa na kupiga kwata kwa mistari, kwa hiyo asiyejua atadhani ni jeshi. Kosmasi alikuwa hajazaliwa siku hiyo, na kwa hamu ya kuwa na baba shujaa hakuuliza mtu.

Nikiwa nimekaa pale, wasiwasi wangu ulimwacha Kosmasi ukaja kwako. Nikakumbuka tukiosha kahawa, mimi bado mwanafunzi, nikakuuliza, "Babu, kule Burma mlikuwa mnakula nini?" Ukasema, "Osha kahawa, itachacha." Miaka yote niliamini vita vilikuumiza hata hutaki kuvitaja. Sasa najiuliza kama hukuwa na la kusimulia. Watu walikusifu kilabuni kwa vita vile nawe ukanyamaza, ukanywa pombe yao. Inaniuma kukushuku, Babu. Umelala kaburini, huwezi hata kunikemea.

Mwenyekiti akaniita mbele nithibitishe ulikuwa askari, ili padre asome jina lako kwenye Misa ya kuwaombea waliopigana. Kosmasi alinitazama kwa macho ya kuniomba. Nikasimama, nikaigusa picha yako.

"Hii picha ni ya mganda," nikasema. "Kama alikwenda vitani, mimi sijui."

Kisha mama mmoja wa Mkumbi akavaa miwani, akaisogelea picha ya baba yake, akachunguza kama viatu ni vya jeshi au vya ngoma. Akafuata mwingine. Mwenyekiti akatangaza kwamba chai iko tayari, na hata sala ya kufunga hatukusali.

Kosmasi hasemi nami tena. Aliniambia mlangoni, "Umemuua baba mara ya pili." Maneno hayo yamenikaa kifuani, na sikujiunga na chama chao.

Kama ulikwenda kweli, nisamehe kwa kukunyima ile Misa. Lakini la moyoni nikwambie: naomba iwe hukwenda. Naomba iwe wenzako walipokuwa wanafia msituni, wewe ulikuwa huku unalima ngano yako mlimani na kubishana na Bibi. Kosmasi anamtaka baba aliyepigwa risasi akasimama. Mimi namtaka babu ambaye hakuna mtu duniani aliyewahi kumlenga.

Lala salama, mzee wangu.

Mjukuu wako,
Konsolata