Mvua ya Dodoma Haipigi Hodi

Alhamisi, mchana, mwezi wa Desemba. Mawingu mazito, upepo hakuna, udongo unanukia.

Naandika nikiwa mlangoni, kwa kuwa ndani kuna giza na kiuno kinaniuma. Salum, mume wangu, ameondoka asubuhi. Majirani wako mashambani. Mtaa mzima tumebaki mimi, kuku, na mbuzi mmoja mwenye mguu mbovu ambaye ananitazama kana kwamba nina la kumwambia.

Sina. Basi niandike habari za hali ya hewa, maana ndizo zilizonifikisha hapa.

Mimi ni mtu wa Kilosa. Kwetu maji si habari. Mto Mkondoa uko pale pale, milima hujifunika ukungu asubuhi, na hata mwezi usio na mvua huwa una manyunyu. Viatu ukivisahau chini ya kitanda vinaota kuvu. Nguo hukauka siku ya pili au ya tatu, na zikikauka bado zina harufu ya kutokauka. Marehemu baba alikuwa akianika msahafu wake kila jua lilipochomoza, kwa kuwa kurasa zilikuwa zikishikana. Vyura hulia usiku kucha, mbu siwataji. Nilizaliwa humo, nikadhani dunia yote ndivyo ilivyo.

Salum aliponioa na kuniambia kazi yake iko Dodoma, mama hakulilia umbali. Gari moshi sasa linafika, mtu analala njiani usiku mmoja tu na yuko kwao. Alichokililia ni kwamba aliwahi kusikia huku watu huoga kwa kitambaa kibichi.

Nilifika Aprili, mvua zinaishia. Majani yalikuwa bado mabichi na mtama umesimama vizuri, nikampelekea mama salamu kwamba aliyemweleza habari za kitambaa ni mwongo. Nilikuwa na haraka. Kufika mwisho wa Mei majani yalikuwa rangi ya kamba kuukuu, na Juni hayakuwepo tena.

Julai ikaja na baridi. Baridi ya Kilosa ni ya maji, inakulowesha taratibu mpaka unazoea. Ya huku ni kavu, inakuchapa kama mtu mwenye kisa nawe. Nililala na blanketi mbili na Salum juu yake, na bado nilitetemeka.

Baada ya hapo upepo. Agosti na Septemba vumbi jekundu liliingia kwenye ugali, masikioni, kwenye shuka zilizokunjwa ndani ya sanduku lililofungwa. Mdachi wa stesheni, yule Mjerumani mkubwa wa reli, ana chombo cha kupimia mvua, amekisimamisha uani kwake na kukizungushia uzio mdogo ili mbuzi wasikiguse. Miezi yote hiyo nilimwona akikitoa, akikikung'uta vumbi, na kukirudisha kwa heshima. Sikumcheka. Nilimcheka kidogo.

Oktoba joto. Mbao za mlango wetu zilisinyaa, nikawa namwona kila apitaye njiani bila kuufungua. Midomo yangu ilipasuka, visigino vikapasuka, na mbuzi ya kukunia nazi niliyotoka nayo kwetu ikapasuka pia. Nguo zilikauka kabla sijamaliza kuzianika. Ng'ombe wa majirani wakawa wa kuhesabu mbavu. Novemba mawingu yalianza kuja kila alasiri, yanasimama upande wa kijiji cha Zuzu, yanatutazama, halafu yanaishia huko huko.

Sasa nije kwenye chumvi.

Mama yangu huijua mvua kwa chumvi, na si yeye peke yake, wanawake wa Kilosa wote ndivyo wafanyavyo. Kabla mvua haijaja, chumvi ya chunguni hulowa. Kwanza inanata vidoleni. Kisha inashikana mabonge. Ikianza kutoa maji, ingiza kuni ndani, maana huna muda tena. Tangu utotoni sikuwahi kuiona chumvi ya mama ikisema uongo.

Ilikuwa imekubaliwa na pande zote kwamba mimba hii, kwa kuwa ni ya kwanza, nitakwenda kujifungulia kwa mama. Tatizo ni njia. Huko Gulwe, katikati ya njia ya Kilosa, na kushuka, reli inafuatana na mto, na mto ukijaa hula udongo chini ya reli. Salum anajua kuliko sisi wote, yeye ni mnyapara wa kundi linalokwenda kuitengeneza. Alitaka nipande gari moshi la Jumamosi iliyopita. Nikatia mkono chunguni mbele yake nikamwonyesha. Chumvi ilikuwa ikimwagika vidoleni kama mchanga.

"Bado," nikamwambia. "Nitakwenda Jumamosi ijayo."

"Zuhura, hii si Kilosa," akasema. Lakini akaketi, akaanza kuvua buti.

Niseme kweli, chumvi niliiamini, ila nilifurahi pia kuikuta kavu. Kwenda kwa mama ni kuzaa, halafu arobaini, halafu mama atapata sababu ya pili na ya tatu ya kunizuia. Nimeolewa Aprili. Sijamchoka mume wangu. Nilitaka wiki moja zaidi ya kumsikia akirudi jioni na kuvua buti zake akizilaani. Nadhani naye aliitaka, ndiyo maana hakubishana.

Jumatatu akaja Mama Nyemo. Huyu ni jirani yetu wa nyuma, Mgogo, mtu mzima wa makamo ya mama yangu. Tangu tumbo langu lilipokuwa kubwa ndiye anayenichotea maji, wala sikumwomba. Kiswahili alikipata kwa watu wa misafara zamani, na hakitumii kwa kupamba.

Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Kesho wanawake tunachunga. Vaa nguo za mume wako, uje."

Ikabidi anieleze. Mvua ikichelewa namna hii, wanawake wa hapa huvaa kama wanaume, hushika fimbo na kutoa ng'ombe wenyewe, wakiimba na kuufukuza mbali ubaya uliokaa juu ya nchi. Siku hiyo wanaume hawana usemi. Nikamwambia mimi si Mgogo. Nikamwambia mimi ni Mwislamu. Nikamwonyesha na tumbo.

"Maji unayokunywa yanatoka wapi?" akaniuliza.

Jumanne nikavaa suruali ya kaki ya Salum, nimeifunga kwa kamba chini ya tumbo. Wanawake walipoona walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Ng'ombe nao walinitazama sana. Nilitembea nyuma polepole na fimbo yangu, nikafumbua kinywa walipoimba maneno nisiyoyajua, na wakanitengea nafasi kivulini walipopumzika. Mmoja alinipa maziwa kidogo sana kwenye kibuyu, na kwa ng'ombe wale, kidogo kile kilikuwa kingi.

Na moyoni nilikuwa naomba hivi: Ya Rabi, wape mvua yao, lakini iwe baada ya Jumamosi.

Niliomba hivyo nikiwa katikati yao. Vihenge vyao vya nafaka vimebaki na mbegu tu, na mbegu hailiwi hata mtoto akilia. Watoto wao wanakula mlenda mkavu tangu Oktoba. Nilijua yote hayo na bado niliomba. Nikiwaza sasa naona aibu, ila ningekuwa Jumanne tena nadhani ningeomba vile vile.

Jana asubuhi nilishika chumvi. Kavu.

Alasiri mvua ikanyesha.

Haikutanguliwa na ukungu, wala ukuta haukutoa jasho, wala chura hakulia. Wingu lilitoka Zuzu, safari hii halikusimama, upepo ukapita mara moja na kuangusha kila kitu, kisha maji yakamwagika. Kwetu mvua huanza kwa kunong'ona. Hii iliingia kama askari wa boma aingiavyo nyumba ya mtu. Paa letu la udongo likavuja pembeni, nikatega sufuria. Barabara ikawa mto mwekundu.

Watu wakatoka nje wote. Mama Nyemo alisimama katikati ya barabara, mikono ameitanua, nguo zimemganda mwilini, anacheka kama msichana. Mdachi wa stesheni alitoka bila kofia, akakiinamia chombo chake, akasimama hapo akilowa. Aliponiona mlangoni, Mama Nyemo akanipigia kelele kwamba tumbo langu ndilo lililoleta mvua, na mtoto ataitwa Matonya, yaani matone. Wengine wakaitikia, "Matonya! Matonya!"

Nililia. Nilikuwa na furaha, sijui iliingilia wapi, na papo hapo nilijua kwamba Jumamosi sitakwenda popote. Mambo yote mawili yalikuwa ndani yangu kwa pamoja, wala hayakugombana.

Asubuhi hii simu ikafika stesheni kwamba karibu na Gulwe mto umeondoka na tuta, na reli zinaning'inia. Kundi la Salum likaamriwa kwenda mara moja na kiberenge, kile kigari cha relini. Alikuja kuchukua blanketi. Alishika mlango, akautazama kama anaupima, halafu akanitazama mimi.

"Nakwenda kukutengenezea njia ya kwa mama," akasema.

"Nenda," nikamwambia.

Asingeweza kukataa, kukataa ni viboko. Nami nisingemwomba akatae. Kazi ya tuta ni ya wiki kadhaa, na mtoto hajui habari za tuta. Alinishika mkono muda mrefu kuliko alivyozoea, tena mbele za watu.

Kisha mtaa ukatoka. Hapa mvua ikinyesha mtu hasubiri iwe nyingi, anapanda papo hapo, kwa kuwa jua likirudi ardhi itakauka tena upesi. Wazee, watoto, hata bibi wa nyumba ya tatu ambaye sijapata kumwona amesimama, wote walipita na majembe na mbegu zao. Mama Nyemo alisimama kidogo.

"Tumbo vipi?"

"Zuri."

"Nitarudi jioni."

Lilikuwa zuri kweli wakati ule.

Kiuno kilianza adhuhuri. Kwanza nilisema ni mwendo wa Jumanne nyuma ya ng'ombe. Baadaye nikasema ni kigoda hiki, nikabadilisha nikakaa mkekani, nikarudi kigodani. Sasa maumivu yanakuja, yanakaza, yanaachia, na yanapoachia ndipo naandika. Atakayesoma ataona mwandiko unavyopanda na kushuka.

Mama alinifundisha dalili zote za uchungu, kwa mpangilio, ipi ya kwanza na ipi ya mwisho, na lini nimwite. Nilizishika vizuri. Kwa hiyo nimekaa hapa tangu adhuhuri nazingoja zitimie, moja baada ya nyingine, kabla sijamsumbua mtu.

Nimeisoma tena sentensi hiyo niliyoandika sasa hivi. Ndivyo nilivyoingoja chumvi ilowe.

Naogopa. Nilitaka mama yangu anishike mgongo, na sikumtaka mwingine yeyote. Nilitaka kusikia mto wa kwetu na kulalamikia mbu. Nilitaka mtoto aoshwe kwa maji mengi, ya kumwaga, bila mtu kuhesabu kata. Nimelia kidogo hapa, mbuzi peke yake ndiye shahidi.

Lakini shamba la Mama Nyemo liko njia ya Nkuhungu, na sauti zao zinanifikia mpaka hapa mlangoni. Kwa mtu mwepesi si mbali. Mimi si mwepesi, nitapumzika njiani kila yatakapokaza. Nimechukua kanga mbili safi na wembe mpya wa Salum. Moto nimeufukia.

Watakaponiona nakuja, watadhani nimekuja kuwasaidia kupanda.