Lenzi Mbili za Baba Moraa

Jumatatu, 3 Novemba
Wateja watatu kabla ya mvua. Wawili wa pasipoti. Wa tatu alitaka picha barabarani, amesimama kama mkubwa wa serikali. Nilimpiga picha kwa ile lenzi iliyokuja na kamera. Nyuma yake kila kitu kinaonekana: matairi, mikungu ya ndizi, tangazo la dawa ya minyoo. Alilalamika. Ana haki.

Mchana Nyaboke, mpiga picha mwenzangu, akaingia na mfuko kutoka Nyamira. Mama Moraa, mjane wa mzee aliyetufundisha kazi hii sote wawili, anauza lenzi mbili za marehemu. Moja ni ya milimita 50, nyingine 85. Ametuachia wiki nzima tuzijaribu, kila mmoja achague yake. Nyaboke hata hakuketi. "Mogaka, wewe chukua 50. Ndiyo ya hapa mjini."

Mbona haraka hivyo? Miaka minne tunatumia chumba kimoja cha kazi, hajawahi kunichagulia hata soda.

Jumanne, 4 Novemba
Nimechukua 85 makusudi. Tamu sana. Inavuta uso karibu na kufifisha kila kilicho nyuma, soko zima la Daraja Mbili linabaki rangi tu. Nilimpiga picha mama mmoja wa mboga akatoka kama malkia. Nyaboke aliangalia ile picha, akaikuza, akaiangalia tena. Macho hayo nayajua. Anaitaka.

Jumatano, 5 Novemba
Siku mbaya. 85 inataka nafasi. Ilibidi nivuke barabara ndipo mteja aenee kwenye picha, na boda zinakatiza katikati. Nikipaza sauti mteja ainue kidevu, barabara nzima inainua kidevu. Kisha wauza mitumba wakataka kujua nimetumwa na nani kuwapiga picha kwa mbali. Walianza kuitana. Nikaondoka haraka.

Nyaboke na 50 alikuwa hatua tatu tu kutoka kwa mteja wake, wanaongea, wanacheka. Jioni akanirudia: nichukue 50, yeye abaki na 85, ataipigia picha za mazishi huko vijijini.

Mazishi! Ananiona mjinga. Anataka ile nzuri, halafu nimshukuru.

Ijumaa, 7 Novemba
Nyaboke amefunga mapema, Sabato inaingia jua likizama. Nikamuuliza kesho yuko wapi. "Kanisani, wapi tena?" Kanisa lake liko Nyanchwa, hapa hapa mjini. Hakuniangalia akisema hivyo. Nimeandika ili nisisahau.

Jumamosi, 8 Novemba
Nilijua. Jamaa wa boda anayetubebea vifaa ameniambia, bila hata kuulizwa, kwamba asubuhi alimpeleka Nyaboke Nyamira. Hadi mlangoni kwa Mama Moraa. Na mfuko mzito.

Kwa hiyo Nyanchwa imehamia Nyamira. Amekwenda kumalizana na mjane kabla ya Jumatatu, azichukue zote mbili. Nina hasira mpaka sikuweza kula. Na mahafali yanakuja, kila mhitimu atataka picha ya barabarani. Mimi nitapiga na nini?

Jumapili, 9 Novemba
Sikwenda misa. Nilikwenda Nyamira.

Mama Moraa alikuwa shambani anachuma chai. Sikumsalimia vizuri. Nilimuuliza moja kwa moja Nyaboke alimpa nini jana.

Hakuacha kuchuma. "Jana ilikuwa Sabato, mwanangu. Nani kati yetu hununua kitu Sabato?"

Nimeishi na Wasabato maisha yangu yote. Mamangu mdogo ni Msabato. Hilo halikunijia kichwani hata mara moja.

Akanieleza polepole, kama mtoto. Tangu mzee azikwe, hawezi kukaa peke yake kwenye ile benchi yao kanisani hapo Nyamira. Nyaboke humpikia Ijumaa, humletea chakula, huketi naye mpaka ibada iishe. Hajamwambia mtu. Kuhusu 85, Baba Moraa aliitumia mazishini tu, asimame mbali, wanaolia wasimwone. Mjini alifanya kazi na 50 siku zote. "Nyaboke alinisihi hiyo 50 nisimuuzie mtu mwingine ila wewe. Alisema wateja wanakuogopa, ikufundishe kusogea karibu."

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Nikamwomba asimwambie kwamba nilikuja kuuliza. Akasema yeye hawezi kumficha Nyaboke kitu.

Jumatatu, 10 Novemba
Nilipofika Nyaboke alikuwa ameshajua. 50 ilikuwa upande wangu wa meza, imefutwa. Nikasema samahani. Nikarudia. Akasema, "Nimesikia." Baadaye, akiwa amenipa mgongo: "Kwa nini hukuniuliza mimi?"

Hata ningemuuliza, nisingemwamini. Hilo sikumwambia.

Alhamisi, 13 Novemba
Mvua tangu saa nane. Asubuhi nilipiga picha tano za barabarani kwa 50. Nzuri. Unasimama karibu na mtu mpaka inabidi umsemeshe.

Nyaboke alikuja, akasema bwakire, salamu yetu ya asubuhi, akafanya kazi yake. Chai alinimiminia kama kawaida. Hana kinyongo usoni.

Alipotoka kwenda kwa mteja nikaona droo yake ina kufuli. Dogo, jipya, la shaba. Miaka yote hii droo zetu zimekuwa wazi, hata simu tunaacha humo.

Sikumuuliza. Ningekuwa yeye, ningeitia kufuli zamani.