Kazi Nusu

Awindiri, Alhamisi

Kazi nusu! Hadi sasa neno hilo linanichoma.

Mtu wa boda aliyegongwa na lori Koboko alifika hospitalini kwetu bandama limepasuka tumboni, paja limevunjika, mwili baridi. Daktari alitoa bandama, akazuia damu, paja akalifunga ubao wa kulishikilia tu, kisha akatuambia tuishie hapo. Mtu aliyepoa vile ukizidi kumkata unammaliza. Mfupa utangoja apate joto na damu.

Nikatoka kuwaeleza ndugu zake. Kaka yake akanifokea: "Sista, mguu iko bado namna hii! Tumetoka Koboko, munatufanyia kazi nusu?"

Nikawaomba damu. Mmoja hajala, mwingine anaogopa sindano. Kaka mwenyewe akatoka kupokea simu, simu ambayo sikuisikia ikilia.

Aliyekunja mkono wa shati ili atolewe damu ni dereva wa lile lori, aliyekuwa amekaa kando. Walipomtambua wakataka kumpiga palepale. Nikajitupa katikati, nikamsukumia maabara. Wanadhani nilimficha.

Damu yake ilifaa. Ndiyo inayoingia mwilini mwa ndugu yao sasa.

Kesho kaka mtu atakuja kunidai mguu. Mungu anisaidie kuuzuia ulimi wangu.